Kikohozi cha Mchonga Mawe

Sierra Clara, Arizona
4 Oktoba 1998

Norina mdogo wangu,

Pokea salamu kutoka kwenye jua. Odile hajambo, magoti yake yamesahau kabisa kwamba yaliwahi kumuuma. Juzi alicheza dansi ukumbini na wanawake wenzake, akarudi anaimba Kifaransa cha kwao. Mimi ni mzima pia, ila shingo imeungua kwa sababu kofia niliiacha kwenye kigari cha gofu. Wewe simu huisikii vizuri, mimi simu siipendi, basi tuendelee hivi hivi kwa kalamu. Kuni umeshaletewa? Usikubali tena zile mbichi za mwaka jana.

Unauliza mtu anaishije katikati ya wastaafu elfu tatu. Anaishi vizuri, kwa masharti. Nyasi hakuna, kuna kokoto zilizopakwa rangi ya kijani. Mlango wa banda la gari ufungwe wakati wote. Mjukuu akija kukusalimu, mwisho wake wiki tatu. Kufanya biashara nyumbani ni marufuku. Na ukumbini kila mtu anavaa beji yenye jina lake, jimbo alilotoka, na kazi aliyokuwa akifanya, kwa hiyo ukipanga foleni ya supu unasoma vifua vya watu: aliyekuwa rubani, aliyekuwa mwalimu, aliyekuwa meneja wa benki. Halafu, Norina, hapa watu hawafi. Wanahama. "Bwana fulani amehama Jumanne," wanasema, na Alhamisi kigari chake kinauzwa.

Sasa mimi ningeandika nini? Aliyekuwa mchonga mawe ya makaburi? Wangeninyima supu. Niliandika "Vermont, kazi za mikono," nikaibandika kifuani.

Na hapo ndipo penye jambo lenyewe, ambalo nakuomba lisitoke nje ya nyumba yako. Mimi sijaacha kazi. Mjini kuna bwana anayeuza mawe ya makaburi. Mashine yake inachonga herufi zote sawasawa kama meno ya bandia, na wapo wateja wasiotaka hivyo. Ananiletea jiwe limefunikwa blanketi kama mgonjwa, nami nalichonga bandani, mlango umefungwa. Ni tangu Februari. Odile anajua, alikubali baada ya mimi kumpangia upya makabati ya jikoni mara mbili kwa mwezi mmoja. Alinipa saa tatu kwa siku. Tindo ninazotumia ni zile za Baba ulizonitumia ndani ya kasha la makopo ya shira, baada ya Odile kugawa zangu zote. Mpaka leo ananiuliza ile shira iliishia wapi.

Nikuambie ukweli. Miezi ya kwanza hapa nilikuwa nikiamka naiogopa siku. Nilikaa kando ya bwawa la kuogelea na mikono yangu imelala mapajani, nikaiona kama ya mtu mwingine. Sasa nikimaliza herufi R yenye mguu uliosimama sawa, chakula kinapita. Usinihubirie.

Kaka yako,
Delmo


Barre, Vermont
19 Oktoba 1998

Kaka Delmo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa kucheka. Huku tuko salama. Kuni zimeletwa, na safari hii ni kavu, nilimsimamia yule bwana mpaka akazigonga moja moja nisikie. Majani yote yameanguka na asubuhi kuna sakitu kwenye ngazi. Wanangu wanakusalimu. Nimepika polenta, ule ugali wa Mama, na uyoga, nikala peke yangu sehemu ya watu watatu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu ya afya yangu.

Sikuhubirii. Nilipokutumia zile tindo nilijua hutazitundika ukutani. Nafurahi unafanya kazi, na siri yako nimeikalia.

Swali langu ni moja tu. Mlango wa banda umefungwa, sawa, ni sheria yao. Je, vumbi linatokea wapi? Miaka arobaini na tano ulikuwa msimamizi wa kufokea wanagenzi wanaosahau kuwasha feni ya kuvuta vumbi. Wewe feni unayo?

Nijibu hilo kwanza, kabla ya habari za shingo.

Mdogo wako,
Norina


Sierra Clara, Arizona
22 Novemba 1998

Norina,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Sisi hatujambo. Odile amechaguliwa kupanga maua ya meza za sikukuu na anatembea kama balozi. Hali ya hewa ni nzuri. Upepo tu ndio unasumbua, unabeba jangwa lote na kulileta mlangoni.

Nimepunguza kazi kidogo. Jiwe moja kwa wiki.

Nina maswali mawili, ya kujikumbusha tu. Baba alianza kukohoa mwaka gani, thelathini na sita au thelathini na saba? Na alianza kupungua uzito kabla ya kikohozi au baada? Mimi nakumbuka mkanda wake, alivyoutoboa tundu jipya kwa msumari, lakini sikumbuki ilikuwa lini.

Halafu pale makaburini, upande wa kushoto wa Baba na Mama, zimebaki nafasi ngapi? Odile alikuwa anauliza.

Delmo


Barre, Vermont
3 Desemba 1998

Kaka,

Theluji imeanguka, futi moja na nusu, jirani amenisafishia njia. Wote wazima. Hizo ndizo salamu.

Odile hakuuliza. Odile ana kaburi la kwao upande wa mpaka wa Kanada, na amekuambia mbele yangu si chini ya mara kumi kwamba hazikwi kando ya ukoo wa Tognarelli kusikiliza mabishano milele.

Baba alianza kukohoa majira ya kuchipua ya mwaka thelathini na sita. Mkanda ulikuja baadaye. Nilikuwa na miaka mitano, wewe kumi, na wewe ndiye uliyeushika ule msumari, kwa hiyo usiniambie hukumbuki.

Barua yako ina aya nne, na hakuna hata moja inayonijibu kuhusu feni. Mwandiko unashuka mwishoni mwa kila mstari. Na wewe, mtu anayeweza kuandika ukurasa mzima juu ya mguu wa herufi R, umeandika "nimepunguza kazi kidogo" ukaweka nukta.

Delmo, unakohoa?

Norina


Sierra Clara, Arizona
20 Desemba 1998

Mdogo wangu,

Heri ya sikukuu kwako na kwa watoto. Humu ndani ya bahasha kuna picha ya dungusi kakati la jirani, refu kuliko nyumba, limevishwa taa nyekundu na kofia ya sufu. Odile ameoka ile keki ya karanga na anaomba usimwambie mama mkwe wako wa zamani kwamba amebadilisha vipimo, nami nimemkumbusha kwamba yule mama alifariki mwaka sabini na nne.

Unapenda kufanya jambo dogo kuwa kubwa. Hewa hii ni kavu, koo linakauka, mtu anajisafisha koo. Kila mtu hapa anajisafisha koo. Viungo vinauma kidogo, lakini nina miaka sabini na miwili na nimekuwa nikibeba graniti tangu nikiwa na kumi na sita, visiume kwa nini?

Odile anataka niende kupigwa picha ya kifua. Nimemwambia sitaki, na wewe peke yako ndiye utakayenielewa. Unakumbuka lile gari la picha lilivyokuwa likisimama nje ya karakana, na wanaume wazima wakijificha nyuma ya mawe? Yule aliyepigwa alisubiri barua. Baba aliletewa barua yake siku ya Jumatano. Kabla ya Jumatano alikuwa mtu mwenye kikohozi, na baada ya Jumatano akawa maiti anayekula chakula cha jioni na sisi.

Tuliache. Nambie habari za theluji.

Kaka yako


Barre, Vermont
9 Januari 1999

Delmo,

Theluji ipo. Sasa nisikilize.

Tangu barua yako ifike sijalala usiku mmoja kamili, na si kwa sababu yako tu. Odile alipogawa zana zako alijua anachofanya. Alitaka uondoke na mapafu yako yakiwa yamebaki salama. Mimi nikajifanya mjanja. Nikazifunga tindo kwa magazeti, nikazipanga chini ya makopo matupu, nikaandika "shira" kwenye kasha kwa mkono wangu mwenyewe, huku najicheka. Nilijua ni za Baba. Nilijua zilimfanya nini. Nilifikiria tu jinsi utakavyofurahi.

Kwa hiyo usiniambie nafanya jambo dogo kuwa kubwa. Kama unayo maradhi ya Baba, ni mimi niliyekutumia kwa posta, na itanibidi niishi na hilo peke yangu kwenye nyumba hii hii aliyofia.

Barua ya Baba ya Jumatano, Mama alikaa nayo siku tatu ndani ya kopo la unga kabla ya kumpa. Wewe hukujua. Mimi nilimwona akiificha. Zile siku tatu Baba aliendelea kwenda karakana, kula vumbi. Miaka sitini nimekuwa nikijiuliza zile siku zilimsaidia nani, na jibu ninalo: hazikumsaidia mtu, hata Mama mwenyewe. Uso wake ulikuwa mweupe kama ule unga.

Nenda ukapigwe picha. Kama wewe hutaki kujua, basi nijulishe mimi.

Norina


Barre, Vermont
6 Februari 1999

Kaka Delmo,

Wiki nne. Nimempigia Odile simu. Nilichosikia ni maneno mawili tu, "daktari" na "mbwa," halafu kelele. Sikuelewa kitu na nikaona aibu kumwambia arudie mara ya sita.

Mbwa gani? Hamna mbwa.

Tafadhali andika, hata mstari mmoja. Hata kama ni mbaya.

Norina


Sierra Clara, Arizona
14 Februari 1999

Norina, mdogo wangu mpendwa,

Sina. Nimeliandika hilo juu kabisa ili usilazimike kuruka salamu. Sina ugonjwa wa Baba. Kaa chini, kunywa kahawa, halafu endelea kusoma.

Nilichelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nasubiri jibu la damu, na sikutaka kukuletea nusu ya habari. Najua, nimefanya kama Mama na kopo la unga. Nimeshajitukana kwa niaba yako.

Sasa kisa chenyewe. Siku ya kumi na tisa ya Januari nilikuwa bandani, nimebakiza tarehe ya mwisho kwenye jiwe la mama mmoja wa mjini. Kikohozi kikanishika mpaka nikashikilia jiwe nisianguke. Mlango ukagongwa. Nikajua ni kamati inayosimamia masharti, na kweli alikuwa Thelda Rasmus wa nyumba ya pili, mjane, mwenyekiti wa malalamiko, mwenye kofia ya ukingo wa kijani na daftari mkononi. Huyu ni mwanamke aliyemwandikia barua rubani mstaafu kwa sababu kokoto zake zilikuwa za kijani kisicho sahihi. Alikuja kwa ajili ya kelele za nyundo. Akaniona nilivyo, nimelowa jasho Januari, na jiwe la kaburi nyuma yangu.

Nilidhani ataanza na jiwe. Alifunga daftari lake.

"Unakohoa tangu lini wewe?"

Nikamwambia tangu Oktoba.

"Magoti? Jasho usiku? Unachoka hata kufunga kiatu?"

Nikamwambia ndiyo, ndiyo, na ndiyo, na nikamwambia najua ni nini, ni vumbi la mawe, limemuua baba yangu na nusu ya mtaa wetu, na ningeomba asimwambie mke wangu.

Akanitazama kama vile nimemwambia nimerogwa. "Mzee, hiyo ni homa ya bondeni. Mimi nimeugua. Marehemu mume wangu aliugua. Mbwa wetu aliugua, na yeye alikuwa mbaya kuliko wewe."

Nikauliza, "Mbwa?"

"Mbwa. Alimeza vidonge miezi sita, akapona, akaishi mpaka miaka kumi na minne. Ingia kwenye kigari."

Norina, watu wote hapa wanaijua. Iko ardhini, vijidudu vya ukungu ndani ya udongo wa jangwani, upepo unavirusha na mgeni anavivuta. Wanaiongelea kando ya bwawa kama sisi tunavyoongelea theluji. Yeyote kati ya hao wastaafu elfu tatu angeniambia kwa dakika moja, kama ningekohoa mbele yake. Lakini mimi nilikuwa nawakwepa wasijue kazi yangu, na kikohozi nacho nikakificha humo humo kwenye siri. Miezi mitatu na nusu nimejichongea kaburi kichwani kwa sababu kwetu hakuna mtu anayekohoa kwa sababu nyingine.

Picha nikapigwa. Odile alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza. Kuna doa upande wa kulia, ndilo lililomfanya daktari atake damu. Yeye ni msichana mwenye viatu vya kukimbilia. Nikamweleza mambo ya Baba, na karakana, na banda, yeye akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaning'inizia picha ukutani na kuniambia kwamba mapafu ya mtu aliyechonga mawe miaka hamsini na sita yangepaswa kuonekana mabaya kuliko hayo. Ni zile feni, Norina. Feni nilizowafokea wanagenzi waziwashe. Jibu la damu limekuja Ijumaa, ni homa ya bondeni kama alivyosema mbwa wa Thelda. Natumia vidonge, na jasho limeshapungua.

Daktari amenigombeza juu ya banda lililofungwa, na amesema nikiendelea hivyo miaka kumi nitapata ninachokitafuta. Ana haki. Nimezifunika tindo.

Wewe hukunitumia ugonjwa kwa posta. Ulinitumia asubuhi zangu. Ningekuwa na akili ningekuambia hivyo Oktoba.

Kaka yako, anayekula tena,
Delmo


Barre, Vermont
22 Februari 1999

Delmo, mpumbavu wangu mpenzi,

Salamu baadaye. Nilisoma neno la kwanza nikiwa nimesimama kwenye kisanduku cha barua, theluji imefika magotini, na nikabaki hapo hapo mpaka jirani akatoka kuuliza kama nimekwama. Nilimwambia ndiyo. Akanivuta mkono akadhani amenisaidia.

Halafu nikakasirika. Nimekasirika siku nne mfululizo, na kwa kweli nimezifurahia. Nimeosha madirisha yote kwa hasira, kwenye baridi hii. Ulikuwa unakufa tangu Oktoba na hukutaka kumsumbua mtu, eti, ukaniuliza habari za nafasi makaburini kwa kusingizia mkeo. Mwanaume mzima, aliyeokolewa na mbwa.

Ngoja na mimi nikuambie yangu, maana na mimi nimekaa na kopo la unga. Tarehe kumi na mbili Desemba nilikwenda kwa Bwana Gaskell, yule mtunza makaburi, nikamwambia apime upande wa kushoto wa Baba kabla ardhi haijaganda sana. Alipima. Aliweka vigingi viwili vyenye utepe wa rangi ya machungwa. Nilinunua koti jeusi pia, kwa sababu lile la mazishi ya mume wangu halinifungi tena. Nilifanya yote hayo kwa utulivu, kama mtu anayeandaa orodha ya sokoni, na kila Jumapili nilipokwenda kanisani nilipita njia ya nyuma ili nisivione vile vigingi.

Sasa nimekuambia. Koti nalirudisha, dukani wanakubali ndani ya siku tisini.

Mwambie Odile namuomba radhi kwa shira. Mwambie mimi mwenyewe nitamwandikia, na kwamba safari hii kopo litakuwa na shira ndani.

Lakini unaniambia umezifunika tindo, basi. Ukaishia hapo. Hilo ndilo linaloniamsha sasa, baada ya kupata usingizi wa siku tatu. Daktari amekukataza kazi, au amekukataza banda? Maana hayo ni mambo mawili, na nakujua wewe, utachukua lile linalouma zaidi ili uonekane umetii. Nilishakuona kando ya lile bwawa kwenye barua yako ya kwanza, na mikono mapajani. Sitaki mapafu mazima yenye Delmo aliyekauka nje yake.

Norina


Sierra Clara, Arizona
14 Machi 1999

Norina,

Barua yako ya matusi imenitibu kuliko vidonge. Odile ameisoma kwa sauti mezani, akasimama kwenye neno "shira," akanitazama kwa muda mrefu. Sasa anajua. Alicheka mpaka akavua miwani. Anasema mwaka mzima alidhani nimeinywa mwenyewe.

Tuko wazima. Nimeongezeka ratili nne. Juzi nilitembea mpaka posta bila kukaa njiani, na jangwa limeanza kutoa maua, ya njano, yamejaa hata kwenye kokoto za Thelda, na yeye hajui aandike malalamiko kwa nani.

Ulinijua vizuri. Daktari alikataza banda. Mimi nikajifanya amekataza kazi, kwa sababu kama ningeambiwa naweza kuendelea halafu kamati ikanizuia, ingeuma mara mbili.

Maana kamati ilibidi ikae. Thelda ni Thelda, aliniokoa maisha na bado aliandika taarifa. Mashtaka: biashara nyumbani, kelele, na jiwe la kaburi kuonekana ndani ya Sierra Clara. Tulikutana ukumbini, watu kama sitini, chini ya picha ya machweo. Aliyekuwa meneja wa benki alisimama akasema kwa upole kabisa kwamba hana neno nami, lakini watu wamekuja hapa kupumzika, na si haki mtu akienda kucheza tenisi akumbushwe. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Nikawaelewa. Mimi mwenyewe miezi yote hiyo nilikuwa nikikimbia karatasi moja ya picha.

Nilitaka kusema nitaacha. Nilikuwa nimeshasimama. Nikasema kitu kingine. Nikasema kwamba beji yangu ni ya uongo, kwamba mimi si aliyekuwa mchonga herufi, mimi ni mchonga herufi, na sijui kuamka bila hiyo kazi. Nikasema samahani kwa kelele. Nikakaa.

Halafu Thelda akainuka, na kofia yake ya kijani, akasema mume wake, aliyechomwa akawa majivu, yuko kwenye kabati la taulo. Miaka minne. Alisema aliwahi kwenda mjini kumtafutia jiwe, akaona zile herufi za mashine, akarudi naye nyumbani kwa sababu Harlan wake alikuwa mtu wa mwandiko mzuri. "Nataka kumtoa kabatini," alisema. "Nataka yule mzee anayekohoa anichongee jina lake. Sasa kamati itafute mahali." Akakaa akafungua daftari kama vile hakusema lolote.

Mahali palikuwepo tangu siku ya kwanza, Norina. Nyuma ya ukumbi kuna klabu ya wang'arishaji wa mawe, wazee wanaosugua kokoto mpaka zinakuwa kama peremende. Nilikuwa nikiwadharau, sijawahi hata kuchungulia. Wana karakana yenye maji na feni ya kuvuta vumbi, kubwa, ya maana, inavuta hata kofia. Kamati ikasema kazi ikifanyiwa klabuni si biashara ya nyumbani. Nimepewa kona na asubuhi tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na jiwe lifunikwe likiwa halifanyiwi kazi. Daktari amekuja mwenyewe kuiona feni. Amesema sawa, na barakoa juu yake.

Jumatano iliyopita nilianza HARLAN. Wazee wawili waliacha kokoto zao wakasimama nyuma yangu. Mmoja, aliyekuwa rubani, aliuliza kama inawezekana mtu akachongewa jina lake mwenyewe mapema, ili aone litakavyokaa. Nikamwambia inawezekana. Akasema atafikiria, na alikuwa anatabasamu.

Asubuhi ya siku ya Jumatano nilikuwa nimevaa viatu saa kumi na mbili. Odile alinicheka.

Delmo


Barre, Vermont
28 Machi 1999

Kaka Delmo,

Huku theluji inayeyuka na barabara ni tope tupu, gari la kuni limezama mpaka ekseli mbele ya nyumba yangu na wanaume watano wanatoa maoni. Watoto hawajambo. Koti limerudishwa. Kopo la shira limeondoka jana kwa jina la Odile, la mwaka huu, jeupe, lile analopenda.

Barua yako nimemsomea kila mtu aliyekuja kunywa kahawa, mpaka nimeikariri. Wazee wa karakana hapa wameifurahia feni. Wanauliza ni ya nguvu gani.

Leo baada ya misa nikaona njia imefunguka, nikapanda makaburini. Bwana Gaskell alikuwepo, anaokota matawi. Nikamwambia ang'oe vigingi. Akavitazama, akanitazama, akauliza kama kuna mtu amebadilisha mawazo. Nikasema ndiyo. Aliving'oa kwa mkono mmoja. Ardhi imeshalainika.

Alipoondoka nikabaki mbele ya Baba. Mimi si mtu wa kuongea na mawe, wewe ndiye mwenye kazi hiyo, na Baba mwenyewe asingependa, alikuwa akituambia aliyekufa amekufa. Lakini nilikuwa nimekuja nimelibeba toka nyumbani na sikuweza kurudi nalo.

Nikamwambia, "Delmo hana."

Sikumwambia hana nini. Nikasimama kidogo, miguu ikalowa, nikashuka.

Mdogo wako,
Norina